Simu inalala na asilimia 90, inaamka na 52

Umeiweka simu mezani saa nne usiku ikiwa na asilimia 90. Hukuigusa tena, hakuna aliyepiga, kioo kilikuwa kimezima. Saa kumi na mbili asubuhi unaishika, unakuta 52, na mgongo wake una uvuguvugu kama wa mtu aliyetoka shamba. Ndivyo ilivyo, simu hiyo haikulala. Ilikesha.

Wengi wetu hapo hapo tunaihukumu betri: imekufa, inataka kubadilishwa. Mara nyingi tunamfunga asiye na hatia. Betri ya lithiamu ikikaa yenyewe bila kutumiwa na chochote hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi mzima. Asilimia 38 zikiondoka ndani ya saa nane, kuna kitu kimezila, na kitu hicho huwa kimeacha nyayo.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali. Kama mgongo wa simu umefura, au kioo kimeanza kuinuka pembeni na kuacha mwanya, achana na mipangilio. Hiyo ni gesi imejaa ndani ya betri. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usijaribu kuitoboa. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi. Mengine yote yaliyoandikwa hapa hayakuhusu leo.

Kwanza hesabu, kisha lawama

Simu nzima iliyolala vizuri hupungua asilimia 2 hadi 5 kwa usiku. Yenye laini mbili na makundi ya soga yasiyonyamaza inaweza kufika 7 au 8, na sioni sababu ya kuisumbua. Ikizidi 10 usiku baada ya usiku, hapo kuna la kuuliza.

Tuchukue betri ya 5000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ukubwa wa kawaida siku hizi. Asilimia 4 zake ni 200 mAh, ambazo kwa saa nane ni wastani wa mkondo wa mA 25. Asilimia 38 ni 1900 mAh, karibu mA 240 bila kupumzika. Tofauti ni mara tisa na ushei. Matumizi ya namna hiyo ni ya simu inayochapa kazi huku kioo kimezimwa.

Hesabu hiyo hiyo inatupa jambo ambalo mafundi wenye haraka hawakwambii. Tuseme betri imezeeka, imebaki na asilimia 70 ya uwezo wake wa zamani. Simu ileile iliyokuwa ikipungua 4 kwa usiku sasa itapungua karibu 6. Uzee peke yake hauwezi kugeuza 4 kuwa 38. Ukibadilisha betri bila kumtafuta mlaji, utampa mlaji sahani kubwa zaidi.

Usiguse mipangilio, angalia mchoro

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuzima vitu kumi kwa usiku mmoja. Asubuhi simu imetulia, lakini hajui kipi kilichoituliza, na baada ya wiki ameviwasha vyote tena. Badilisha jambo moja kwa usiku. Andika mahali saa uliyolala na asilimia iliyokuwepo, saa uliyoamka na iliyobaki. Usiku tatu au nne zinatosha.

Asubuhi, kabla ya kuchomeka chaja, fungua Mipangilio, ingia Betri, kisha Matumizi ya betri. Nasisitiza kabla ya chaja kwa sababu baadhi ya simu za Android huanza kuhesabu upya kila zikijaa, na ushahidi wa usiku unafutika. Kwenye iPhone nenda sehemu ya betri katika mipangilio, nako kuna orodha ya programu na muda ambao kila moja ilifanya kazi chinichini.

Halafu tazama umbo la mstari wa chaji kwenye mchoro wa ukurasa huo, katika saa za usingizi wako. Je, umeteremka polepole usiku kucha? Ulinyooka, ukaporomoka kwa saa moja au mbili, ukanyooka tena? Au umekatika ghafla kama ukuta? Kila umbo lina wahalifu wake.

Mstari unaoteremka polepole usiku kucha

Hapa kuna kitu kinachokula kidogo kidogo bila kuacha. Mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni mtandao wa simu.

Simu iliyo karibu na mnara wenye nguvu haitumii kitu cha kusema, inasikiliza tu na kuitikia mara mojamoja. Ishara ikiwa hafifu, simu hupandisha sauti yake ili mnara uisikie. Ikipotea kabisa, inaanza kutafuta: inapekua masafa moja baada ya jingine, inapumzika kidogo, inarudia. Ikiwa 5G inakuja na kuondoka mahali unapolala, itashinda ikihama kati ya 5G na 4G usiku kucha. Kwenye iPhone, muda uliotumika bila mtandao au kwenye mtandao dhaifu unaweza kuonekana kama mstari wake wenyewe katika orodha ya matumizi ya betri, karibu na majina ya programu. Ukiuona umepanda juu, umeshajibiwa.

Kipimo chake hakina gharama. Usiku mmoja washa hali ya ndegeni na ulale. Kama hupatikani na hilo ni tatizo, fanya hivyo usiku ambao si tatizo. Asubuhi ukikuta imepungua 2 badala ya 30, mlaji anapitia mtandao, ama ni mtandao wenyewe ama ni programu inayoutumia. Usiku unaofuata toa hali ya ndegeni, zima data na Wi-Fi, acha laini peke yake. Ikipungua sana tena, basi ni mnara. Ikitulia, ni programu.

Kwa tatizo la mnara, tiba ni za kijinga na zinafanya kazi. Toa simu kwenye droo ya chuma, isogeze dirishani. Chagua 4G kama mtandao unaopendelewa. Na kama una laini ya pili ambayo ilishafungiwa au haishiki mtandao mahali ulipo, izime kwenye mipangilio ya laini. Laini iliyokufa haikai kimya kama maiti, inapiga kelele usiku kucha ikiomba mnara uipokee.

Washukiwa wengine wa mteremko nitawapitia haraka. Hotspoti iliyosahaulika ikiwa wazi huizuia simu kulala. Kompyuta ya jirani yako wa chumba inaweza kuwa inapakua masasisho yake kupitia kwako. Saa inayobaki ikiwaka kioo kikiwa kimezimwa inaweza kula hadi karibu asilimia moja kwa saa, kwa hiyo usiku mzima ni 8, na hakuna anayeitazama. Bluetooth watu huilaumu sana, lakini za siku hizi zinatumia kidogo mno; mimi siizimi.

Mahali ni jambo la kuangaliwa vizuri. Fungua ruhusa za mahali utazame ni programu zipi zina ruhusa ya wakati wote. Ramani haihitaji kujua ulipo ukiwa umelala. Programu ya hali ya hewa inaweza kuridhika na ruhusa ya wakati inapotumika. Nyingi hazitalalamika, na zile zitakazolalamika zitakuonyesha tabia zao.

Arifa nazo zina utani wao. Kundi moja lenye watu wasiolala linaweza kuwasha kioo mara mia kabla ya alfajiri. Hali ya Usinisumbue inasaidia kwa sababu inaweza kuzuia kioo kuwaka, ila ujue ujumbe bado unapokelewa nyuma ya pazia. Imenyamazisha tu mlango, wageni wanaendelea kuingia.

Programu isiyolala

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyotulia, haiko kwenye chaja na kioo kimezimwa, huingia kwenye usingizi mzito unaoitwa Doze. Programu hazipewi mtandao wala kichakataji, yaani ubongo wa simu, isipokuwa katika madirisha mafupi ambayo kadiri usiku unavyokwenda yanazidi kuachana. Kwa utaratibu huo simu iliyolala na 100 inapaswa kuamka asubuhi na 96.

Tatizo ni kwamba usingizi huo una milango ya dharura. Programu iliyoruhusiwa kukwepa vizuizi vya betri inaweza kuomba kichakataji kisizimwe mpaka imalize kazi yake, na mwandishi mzembe akasahau kuandika mahali pa kusema "nimemaliza". Na wewe mwenyewe huenda uliwahi kuulizwa na programu, kwa lugha tamu, uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi vya betri, ukabonyeza kubali ili uendelee na mambo yako.

Rudi kwenye orodha ya matumizi na usiangalie asilimia peke yake. Gusa jina la programu usome muda. Umetumia mchezo kwa dakika 5 jana jioni, lakini chini yake pameandikwa saa 6 na dakika 40 chinichini. Huyo ndiye. Fungua taarifa zake, ingia sehemu ya betri, uiwekee vizuizi. Kisha tafuta orodha ya programu zote zilizoachiwa bila vizuizi uzipitie moja moja. Programu ya ujumbe, saa ya kengele, saa ya mkononi: sawa, ziache, maana ukizibana utakosa ujumbe au utachelewa kuamka. Tochi, picha za ukutani, mchezo wa karata: hizo zinafanya nini macho saa tisa usiku?

Kama orodha haimtaji mtu, au imejaa jina la mfumo wenyewe, tumia hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuzima mpaka menyu itokee, kisha unashikilia neno la kuzima mpaka uulizwe kama unataka kuingia hali salama. Simu itawaka na programu ilizotoka nazo kiwandani tu. Ilale hivyo usiku mmoja. Ikitulia, mlaji ni programu uliyoweka wewe. Ikiendelea kupungua, si hizo, na unaweza kuacha kuzishuku.

Na tafadhali, programu za "kusafisha" na "kuokoa betri" zitoe. Nyingi hukesha zikiwaua wenzao, ambao mfumo huwafufua dakika ile ile, na kuwasha programu upya kunagharimu kuliko kuiacha imelala. Ndiyo maana pia kufungafunga programu kwa kidole kila jioni hakukusaidii. Mwaka 2016 mtumiaji wa iPhone aliuliza kama ni lazima kufanya hivyo ili kuokoa betri, na Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, akajibu hapana.

Mstari ulionyooka, kisha ukaporomoka saa fulani

Umbo hili nalipenda kwa sababu limekuja na saa yake. Kazi iliyopangwa imeamka, imekula, imerudi kulala.

Simu yangu ilikuwa tambarare hadi 02:00, ikaanguka asilimia 26 kufikia 04:10, ikawa tambarare tena. Usiku uliofuata hivyo hivyo, tofauti ya dakika chache tu. Kwetu hiyo ni saa nane za usiku, na saa nane ndipo WhatsApp kwenye Android hutengeneza bekapu yake ya kila siku, kwa hiyo niliilaumu siku mbili nzima. Haikuwa yenyewe. Nilipofungua programu ya picha nikakuta duara dogo likizunguka juu ya video moja ya harusi, ndefu, GB 3. Kila usiku ilianza kupanda kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, Wi-Fi ikakatika katikati, ikaanza tena kutoka sifuri. Ilikuwa imefanya hivyo kwa siku kumi na moja. Niliipandisha mchana simu ikiwa kwenye chaja, na mstari ukanyooka usiku uleule.

Kwa hiyo ukiona poromoko, chukua saa yake uiulize simu: ni nini kilipangwa kufanyika hapo? Bekapu, picha, masasisho ya programu, upakuaji wa podikasti. Linganisha na ukurasa wa matumizi ya data. Programu iliyokula chaji na data kwa pamoja usiku karibu kila mara inapandisha au inashusha kitu. Kwenye mipangilio yake iamuru ifanye kazi hiyo simu inapochajiwa.

Kama ndiyo kwanza umesasisha mfumo mzima, usifanye lolote kwa siku mbili tatu. Simu inapanga upya mafaili, inachambua picha, inatayarisha programu. Ni kazi ya mara moja.

Kuna na sura mbaya ya jambo hili. Programu usiyoikumbuka, haina picha au ina jina linalofanana na la mfumo, inakula data usiku na imepewa ruhusa ya ufikivu, ile iliyokusudiwa watu wasioona vizuri, ambayo inaiwezesha kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Iondolee ruhusa hiyo kwanza, ndipo uifute. Ikikataa kufutika, ingia hali salama uifutie huko. Kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine.

Mstari uliokatika kama ukuta

Ulikuwa 43, mara ukawa 12. Au simu imezima ikisoma 20, ukiichomeka inasema 17. Hapa, hatimaye, betri yenyewe inaingia kizimbani.

Simu haina kijiti cha kuchovya ndani ya betri kama dereva anavyopima oili. Inakisia. Inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, inaangalia volti, inapiga hesabu ya kilichobaki. Betri inavyozeeka uwezo wake hupungua na ukinzani wa ndani huongezeka, kwa hiyo kazi nzito ikija volti huzama ghafla na hesabu inavurugika.

Mara moja, na isiwe tabia, ijaze mpaka 100, itumie mpaka ijizime yenyewe, kisha ichaji bila kukatiza mpaka 100. Hapo kipimo kinapata mwanzo na mwisho wa kweli. Kama mstari ukiendelea kuruka baada ya hapo, betri imechoka. Kwenye iPhone afya ya betri inaonekana tangu iOS 11.3 ya mwaka 2018. Apple huzitengeneza za iPhone 14 na za nyuma zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1000. Mzunguko mmoja si kuchomeka mara moja. Ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mmoja. Joto linaharakisha uzee huo, hasa simu ikishinda kwenye zaidi ya nyuzi 35, au ikichajiwa chini ya mto.

Inapungua hata ikiwa imezimwa

Kipimo cha mwisho hakihitaji ujuzi. Ifikishe 80, izime kabisa, iwashe asubuhi. Kuwaka kwenyewe hula asilimia moja au mbili, usizihesabu. Ikipoteza 10 au zaidi ikiwa imezimwa, hakuna programu ya kulaumiwa, maana hakuna iliyokuwa macho. Umeme unavuja kwenye betri au kwenye bodi. Jiulize kama iliwahi kuingia maji, hata miezi sita iliyopita, au kama ilibadilishwa betri isiyo na jina. Ikiwa ina joto mahali pamoja huku imezimwa, mwonyeshe fundi hapo hapo penye joto, utamwokolea saa nzima ya kutafuta.

Ilikuwa kwenye chaja, lakini haikujaa

Hili ni kesi nyingine inayovaa nguo za ile ya kwanza. Ukiamka na 80 kamili, huenda ni simu yenyewe imesimama hapo kwa makusudi ili kulinda betri, ikisubiri saa zako za kuamka ndipo imalizie. Ikiwa ni 61 au 47, angalia waya na tundu. Vumbi la mfukoni likijaa kwenye tundu, waya unakaa nusu nusu, chaji inaingia na kukatika. Zima simu, lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano.

Kuirudisha ilivyotoka kiwandani

Ukiwa umepita njia zote hizi na bado usiku unakula 20, ndipo ufute kila kitu. Watu wengi hufuta, kisha hurudisha bekapu nzima ndani ya nusu saa, na mlaji anarudi pamoja na mizigo yake. Baada ya kufuta iache ilale usiku wa kwanza ikiwa tupu, na akaunti moja tu. Andika namba. Ikiwa tupu bado inapungua vilevile, mpelekee fundi na namba zako zote. Ikitulia, rudisha programu tano tano kila jioni. Asubuhi utakayokuta namba imeruka, mhalifu yumo kati ya zile tano za jana yake.